Maramu Si Umaskini

Mwaka jana nililipwa dola 20 kuandika makala kuhusu changarawe. Mteja alikuwa Mwingereza mwenye tovuti ya mambo ya bustani. Alitaka maneno 2000 ya kumsaidia mtu wa kwao kuchagua mawe ya kutandaza kwenye vijia vya bustani: ya rangi gani, ya ukubwa gani, yenye pembe au ya mviringo. Nikakubali. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, hii ndiyo kazi yangu. Nimewaandikia watu nisiowajua kuhusu mbwa wasiopenda kuoga, bima ya meno, na namna ya kulala vizuri ndani ya ndege. Changarawe ilikuwa afadhali. Angalau nimewahi kuikanyaga.

Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe wa Kukhu, hapa Busibwabo, kompyuta magotini na simu ikinipa intaneti. Hatua kumi kutoka nilipokaa, mafundi wanne walikuwa waking'oa njia ya maramu inayotoka langoni hadi mlangoni kwake. Njia hiyo ilitandazwa na babu nikiwa mtoto. Mahali pake, na pande zote za nyumba, walikuwa wanaweka kabro za kijivu na nyekundu. Ukoo ulikuwa umechanga tangu Julai. Kikundi chetu cha WhatsApp kilipewa jina jipya kwa ajili ya shughuli hiyo, na mweka hazina alikuwa akibandika kila Ijumaa majina ya waliotoa na, kwa herufi kubwa, ya wale ambao hawajatoa. Langu lilikuwa kwa herufi kubwa.

Sasa sikia kichekesho. Kwenye skrini nilikuwa nikimshauri Mwingereza atumie mawe yanayopatikana karibu na kwake, kwa sababu ni nafuu na yanapatana na ardhi ya pale. Nilikuwa nikimwambia asizibe udongo, aache mvua ipenye. Nikamkumbusha kwamba huko England, tangu Oktoba 2008, ukitaka kufunika zaidi ya mita mraba 5 za bustani ya mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na huna mahali pa kuyaelekeza maji hayo yazame, lazima uombe kibali. Sheria hiyo ilikuja baada ya mafuriko makubwa ya 2007. Changarawe haiombewi kibali. Yaani yule mzungu anatakiwa kuomba ruhusa ya kufanya kitu ambacho sisi tulikuwa tunakifanyia harambee.

Nikaandika maneno yangu 2000, nikatuma, nikalipwa. Kwenye kikundi cha ukoo sikusema kitu. Mtu ambaye jina lake liko kwa herufi kubwa huwa hatoi ushauri wa ujenzi. Hiyo ndiyo aibu yangu, na ndiyo maana naandika leo bila kulipwa na mtu.

Kabro ilimalizika wiki moja kabla ya Krismasi. Picha zilipigwa. Ami mmoja anayeishi Nairobi aliandika kwamba sasa mtu akifika atajua amefika kwa watu. Tulicheza hapo, tukala hapo, na watoto wa mjini wakaendesha vibaiskeli vyao hapo. Sikatai, ilipendeza.

Kisha mvua za Aprili zikaja.

Twende kwa hesabu, maana hii ni hesabu rahisi hata kwa mtu aliyeacha chuo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ni lita moja ya maji. Kabro yetu inafunika kama mita mraba 200. Mvua kubwa ya alasiri, ile ambayo ngurumo huanza upande wa ziwa na kufikia saa kumi huwezi kusikia redio, inaweza kumwaga milimita 30. Hizo ni lita 6000. Ni mitungi 300 ya lita 20. Sema theluthi imepenya kwenye nafasi kati ya kabro na kabro, nami nakuwa mkarimu. Zinabaki mitungi 200, mara moja, alasiri moja, na hatukuwa tumechimba mfereji hata wa urefu wa kijiko.

Maji hufuata mkondo. Boma letu limekaa juu kidogo, na chini yetu anakaa mama jirani, mjane, kwenye nyumba ya udongo aliyoisiriba kwa mikono yake. Miaka yote mvua ya boma letu ilikuwa inanyweka kwenye udongo wetu, kwenye nyasi, kwenye maramu ya babu. Aprili hiyo ilimteremkia yote. Usiku wa tatu, ukuta wa jikoni kwake ukaanguka. Hakuna aliyeumia. Alipoteza gunia la mahindi na kuku wanne.

Kwenye kikundi watu waliandika pole. Mmoja akasema mvua za siku hizi zimezidi. Mwingine akaweka mikono ya maombi. Asubuhi mama jirani akaja kwetu. Nilidhani amekuja kulalamika, na nilikuwa nimejiandaa kuinamisha kichwa. Hakulalamika. Alikuja kuazima jembe. Akachimba mtaro nyuma ya nyumba yake ili kuyapitisha maji yetu, kwa jembe letu, peke yake, mpaka nilipoona haya nikaenda kumsaidia.

Najua utakaloniambia: kosa ni la fundi, kabro haina shida. Ni kweli nusu. Kabro ikiwekwa na mtu anayejua, juu ya tabaka za kokoto na mchanga, ikapewa mteremko, mfereji na shimo la kunyonya maji, haimwagii mtu jikoni. Lakini kaa na ukoo wowote unaochangia kabro uone pesa zinakwenda wapi. Zinakwenda juu, panapoonekana. Mfereji hauna picha. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kando ya shimo la kunyonya maji akavaa miwani ya jua. Kwa hivyo tatizo langu si tofali lenyewe. Tatizo ni sababu iliyotufanya tulitake.

Na sababu hiyo ni aibu. Tunaionea aibu ardhi nyekundu.

Naelewa ilikotoka. Sisi watu wa mpakani tumekula vumbi sana. Hapa ndipo neno bodaboda lilipozaliwa, vijana wa Busia wakibeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda kati ya Kenya na Uganda. Malori yanayokwenda Kampala, Kigali na Kongo yanapita kwetu, yanapanga foleni Malaba mpaka madereva wanafua nguo na kuzianika. Lami tunaiona inapita katikati, lakini ukikata kona kuingia ndani, ni maramu. Kila kampeni mgombea anakuja kwa gari kubwa, anakanyaga maramu, anaahidi lami, anaondoka. Ndio maana neno lenyewe limekuwa kama tusi. Ukisema kwa fulani ni maramu, umesema serikali imewasahau. Mtoto akikulia hapo, siku akipata pesa, jambo la kwanza atakalotaka ni kuifunika hiyo rangi.

Lakini tumechanganya vitu viwili. Kwa barabara, mimi niko upande wa lami, sibishani. Barabara inabeba malori, magari yenye kasi, mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Magurudumu ya kasi ndiyo yanayoichimba maramu ikawa matuta matuta kama ubao wa kufulia, na ndiyo yanayorusha vumbi. Soko nalo, watu mia wakikanyaga na maji ya samaki yakimwagika, liwekewe sakafu. Sasa niambie, njia ya kutoka langoni hadi mlangoni kwa Kukhu inabeba nini? Inabeba Kukhu. Inabeba kuku, wilbaro, mtoto aliyetumwa sukari, na jeneza siku likihitajika. Mzigo huo maramu inauweza miaka 20 ukiitunza. Ya babu iliweza.

Nilipokuwa natafiti ile makala ya dola 20 nilijifunza jambo ambalo lilinifanya nisimame. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mskoti aitwaye John Loudon McAdam alibadilisha barabara za Uingereza kwa wazo moja dogo. Alisema usitumie mawe makubwa wala ya mviringo. Vunja mawe yawe madogo yenye pembe, yatandaze juu ya ardhi iliyoinuliwa kidogo isiyotuama maji, na uzito wa watu na magari wenyewe utayashindilia. Pembe zinashikana. Jiwe la mviringo halishikani na mwenzake, linateleza kama maharagwe kwenye sahani. Ndiyo sababu yale mawe meupe ya mapambo, yanayouzwa kwa gunia kando ya barabara Nairobi, ni mabaya kwa njia. Ukiyakanyaga yanakimbia. Jua likiwaka yanakuumiza macho. Majani ya mwembe yakianguka mara mbili, yanaonekana kama taka. Wacha yakae chini ya ua kwenye chungu.

Kisha kuna aina ya changarawe ambayo Waingereza wanaipenda sana kwa bustani za heshima. Ina kokoto ndogo, mchanga, na udongo kidogo, vyote pamoja. Ukiimwagia maji na kuishindilia inajishika yenyewe, inakuwa ngumu, bila simiti, na bado mvua kiasi inapenya. Wanaiagiza na kuilipia vizuri. Nilisoma maelezo yake mara mbili, kisha nikageuka kutazama lundo ambalo mafundi walikuwa wameling'oa na kulitupa kando ya choo. Kokoto ndogo, mchanga, udongo kidogo. Hiyo ni maramu, bana. Tuliitupa.

Na si Waingereza peke yao. Nenda Paris, kwenye bustani ya Tuileries, mbele ya jumba la Louvre. Watalii wa dunia nzima wanatembea pale juu ya vumbi na changarawe iliyoshindiliwa, viatu vinachafuka, na hakuna anayesema Ufaransa imesahauliwa na serikali. Huko Burkina Faso, Francis Kéré aliijenga shule ya Lycée Schorge mjini Koudougou kwa kuta za mawe mekundu ya aina hii hii, yaliyokatwa ardhini hapo hapo. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Sisi rangi hiyo hiyo tunaificha chini ya kijivu. Mkataa kwao ni mtumwa, na siku hizi utumwa huo unalipiwa kwa mita mraba.

Wekundu huo ni chuma. Mvua na joto la miaka mingi vimeosha vitu vingine kwenye mwamba, chuma kikabaki na kuota kutu. Ndiyo maana maramu nzuri ikilowa na kukauka, ikalowa na kukauka, inazidi kukaza. Na watu wa huku walikijua chuma kabla ya mtu yeyote kutuletea kabro: Wasamia walikuwa wahunzi, waliyeyusha madini ya vilima vyao wakatengeneza majembe. Hatujaanza leo kujua thamani ya ardhi nyekundu. Tumeanza leo kusahau.

Basi kama unapanga njia ya nyumbani, na najua unapanga kwa sababu Desemba haiko mbali, nisikilize.

Chagua maramu kwa mkono, usichague kwa simu. Nenda mwenyewe inapochimbwa. Chukua konzi moja, ilowanishe, ifinye. Ikishikana na kubaki donge, huku ukihisi kokoto ndani, ni nzuri. Ikikunata mkononi kama unga wa chapati, ina udongo mwingi, itakuwa tope. Ikimwagika kama sukari, haina cha kuishika, itakuwa vumbi. Ukitaka uhakika, tia konzi mbili kwenye chupa ya maji, tikisa, acha hadi kesho. Kokoto na mchanga vitatua chini, udongo laini utakaa juu yake. Tabaka la chini linapaswa kuwa nene kuliko la juu, kwa mbali.

Chimba sentimita 15, toa udongo mweusi wa juu, upeleke shambani. Chini weka vipande vya matofali au kokoto zenye pembe, nusu ya shimo. Juu yake maramu kwa tabaka mbili, kila moja ukiinyunyizia maji kidogo na kuishindilia mpaka kisigino kisiache alama. Acha katikati pawe juu kuliko kando, sentimita mbili au tatu zinatosha, ili maji yasilale. Pangilia mawe pembeni yashike kingo. Pale kwenye bomba au kwenye tangi, ambapo pana maji kila siku, usiweke maramu, weka kokoto peke yake. Kama nyumbani kuna mtu wa kiti cha magurudumu au mkongojo, usimwachie kokoto zilizolegea hata kidogo. Mshindilie maramu iwe kama sakafu.

Njia ya mita 20 kwa mita 1.2, maramu ya sentimita 10, ni mita za ujazo 2.4. Ongeza kidogo kwa kuwa inasinyaa ikishindiliwa, sema 3. Hiyo si harambee ya miezi mitano. Hiyo ni trela moja la trekta, vijana watatu na siku mbili za kazi. Pesa iliyobaki mnunulie Kukhu tangi la maji ya mvua, tena kubwa.

Sitakudanganya kwamba maramu ni malaika. Kila baada ya mvua kubwa utaziba viraka. Kiangazi utanyunyizia maji ukitarajia wageni. Na kuna jambo zito zaidi: mashimo inapochimbwa. Wakandarasi wanachimba, wanaondoka, shimo linajaa maji, watoto wanaenda kuogelea. Kila kijiji huku kina hadithi ya shimo, na si hadithi ya kuchekesha. Ukinunua, uliza shimo hilo litafukiwa na nani. Lakini usiniambie simiti haina shimo. Chokaa yake inachimbwa pia, kisha inachomwa kwa joto la nyuzi karibu 1450, na kazi hiyo duniani kote inatoa kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote ya binadamu. Shimo lake liko mbali tu na macho yako. Na wapo vijana wanaofyatua kabro, hiyo ni kazi halali, nawaheshimu. Wapo pia kina mama wanaogonga kokoto kwa nyundo kando ya barabara, kivuli chao ni gunia lililotundikwa. Pesa ya njia yako itamfikia mmoja wao. Amua ukiwa umewaona wote wawili.

Kwa ukoo wangu, ambao najua mtasoma hii kwa sababu mtu ataitupa kwenye kikundi: sisemi hamkumpenda Kukhu. Mlimpenda kwa pesa mliyoihangaikia. Lakini kabla ya kuchanga, hakuna aliyeuliza maji yataenda wapi, na hakuna aliyemuuliza mwenye boma. Mimi nilijua nikanyamaza, kwa hivyo nijumuisheni kwenye lawama. Desemba hii napendekeza tung'oe kabro zote za upande wa chini, mita mraba 100 hivi, tuzirudishie nyasi na maramu, na tuchimbe mfereji. Kabro zilizong'olewa tumpe mama jirani ajengee msingi wa jiko lake. Na tumlipe gunia la mahindi na kuku wanne. Hili la mwisho si pendekezo.

Wiki jana nilimuuliza Kukhu mwenyewe. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, saa saba mchana. "Wanangu wamenipenda," akasema. "Lakini hii kitu inachoma. Miguu yangu hakuna aliyeiuliza."

Kukhu havai viatu akiwa nyumbani. Akainuka kwenda kufungia ndama. Hakupita kwenye kabro. Alipita kandokando yake, kwenye nyasi, na nikaona kwamba tayari hapo pana mstari mwekundu, upana wa nyayo mbili, kutoka mlangoni hadi langoni. Ameshaanza kutengeneza njia yake upya, kwa miguu. Nimempa rafiki yangu mwenye trekta pesa ya trela moja. Inakuja Jumamosi.